Waliofika Kambini

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mimi si mwalimu. Niliishia darasa la nne, na hilo nalo nililisomea juu ya tofali. Mwalimu wa historia wa mjukuu wangu ndiye aliyesema niandike, na mjukuu ndiye aliyeninunulia daftari, kwa hiyo maneno yakikaa upande mtanivumilia.

Ilianza siku ya Alhamisi, hapa kwetu Joubert Park, Johannesburg, ghorofa ya sita, lifti imekufa tangu mwaka jana. Nilikuwa nachambua lengalenga, mchicha wetu ule ninaouza pale chini barabarani. Mjukuu akaingia na yunifomu yake, uso kama wa mtu aliyetoka msibani. Yuko gredi ya tisa. Kiswahili anakisikia, ila mdomoni kinamtoka vipande vipande, na mimi ananiita Gogo kama Wazulu wanavyowaita bibi zao. Nimemwambia mara nyingi kwamba kwetu gogo ni mti ulioanguka ukalala njiani. Hunijibu, "Sawa, Gogo."

Akaniambia shuleni alikuja mama mzee wa Kiyahudi, anatembea kwa mkongojo, kuwasimulia utoto wake. Ni habari za vita ya Ulaya, wakati Wanazi wa Ujerumani walipokuwa wanawakusanya Wayahudi, wazee kwa watoto. Yeye alikuwa na miaka saba. Siku walipokuja kuwachukua watu wa nyumbani kwao alikuwa kwa jirani, na jirani akamficha chini ya ngazi. Akampa jina lingine na kumwambia lile lake asilitaje tena. Mama yake na mdogo wake wa miaka minne wakapakiwa kwenye treni ya mizigo, wakapelekwa kambini.

Nikasema, macho yangu kwenye mboga, "Afadhali hao walifika kambini."

Mjukuu akaweka begi chini. Nikadhani anatafuta neno. Kisha akasema taratibu, kama vile mimi ndiye mtoto, "Gogo, kambi ndiyo iliwaua."

Ninyi mliozaliwa hapa, kambi mnaijua kwa safari za shule. Mnaenda na mablanketi, mnachoma peremende juu ya moto, mnarudi mmeungua na jua. Mimi kambi ndiyo iliyonilea. Tulitoka Burundi kwa miguu, mama, dada yangu mkubwa na mimi, na kitu cha kwanza nilichopewa Tanzania kilikuwa uji ndani ya kopo la maziwa. Ulikuwa wa moto hata kopo halishikiki, nikalishikia kwa pindo la kitenge cha mama. Mpaka leo uji wa kwenye kikombe naona una upungufu.

Asubuhi ilipigwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, na kila mtoto alijua mlio gani ni wa shule na mlio gani ni wa chakula. Unga ulikuwa wa njano, unanuka gunia. Maharage yalikuwa magumu, yanashinda jikoni kutwa yakigongana sufuriani kama kokoto, mama anayatia majivu ili yakubali. Mvua ikinyesha juu ya turubai, mwalimu alikuwa hasikiki, basi anaweka chaki chini, tunaimba mpaka ikatike. Kazi yangu ilikuwa kuni na maji. Jirani wa turubai la pili, mwanamke aliyefika peke yake, alinifundisha kutwanga nikiwa nimesimama juu ya tofali kwa sababu mchi ulinizidi urefu. Nikilegea ananiambia, "Twanga, usiubembeleze." Tulicheka sana kule. Siwadanganyi, tulicheka.

Hayo watoto wangu wameyasikia hata wameyachoka. Lililobaki hawakulisikia.

Watoto tulikuwa watatu. Siku ya kukimbia mdogo wetu wa kiume alikuwa na surua, macho yamefumba, hawezi kubebwa juani. Mama akamwacha kwa jirani, mwanamke mwema, akasema homa ikishuka atarudi kumchukua. Tukavuka Malagarasi. Njia ikafungwa nyuma yetu. Waliokuja baadaye wakasema nyumba ya jirani yule ilichomwa, watu wakiwa ndani. Karani wa kambi alipouliza ana watoto wangapi, mama akatutazama mimi na dada, akasema wawili. Tangu hapo tukawa wawili. Mama akafa tukiwa wawili, dada naye akafa, na mimi nilipopata nyumba yangu niliweka sheria kwamba habari za vita hazifiki mezani. Basi ndiyo maana. Mtu akiniambia mtoto aliachwa kwa jirani, mimi nasikia moto. Akiniambia kambi, nasikia uji.

Jumamosi shule ikaita wazazi waje wamsikilize yule mama mzee. Binti yangu alikuwa kazini, nikaenda mimi. Shule iko kule mtaa wa Observatory. Kwenye teksi, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, mjukuu akaniinamia sikioni, "Gogo, tafadhali, leo usiseme afadhali."

Mama mzee alisema Kiingereza, mjukuu akinitafsiria vipande vyake. Hakulia. Alieleza ngazi zilivyonuka nta na viazi, na jinsi alivyojifunza kupiga chafya bila sauti. Kisha akataja jina la mdogo wake, akawataka watoto walitaje. Wakalikosea. Akawarudisha, wakalikosea tena, akawarudisha, kama anafundisha hesabu, mpaka ukumbi mzima ukalitamka sawasawa. Akasema yeye hutembea shule kwa shule kwa kazi hiyo tu, kwa sababu akifa yeye, hakuna mwingine aliyemjua.

Wakati wa chai akaja tulipokaa, akauliza nimetoka wapi. Nikamwambia mjukuu, "Mwambie mimi nimetoka kambini."

Mjukuu akasita, lakini akasema. Yule mama akaweka kikombe chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikaona alichoelewa. Nikasema, "Hapana, hapana. Mwambie ya kwangu ilikuwa ya kuponya watu." Mjukuu akaeleza, safari hii kwa kirefu. Mama mzee akafikiri, bado ameshika mkono wangu, akauliza jambo fupi.

"Gogo, anauliza, nani hakufika?"

Nikajitilia sukari kwenye chai, mimi nisiyekunywa sukari.

Njiani kurudi mjukuu hakuniuliza. Anaijua sheria ya nyumba, nami ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Akawa anatazama dirishani, nami natazama kisogo chake. Ile kambi haipo tena, naambiwa sasa ni mashamba ya watu. Turubai zimeoza, rimu sijui nani aliichukua, yule wa "usiubembeleze" amezikwa kule kule. Lakini hayo wapo wengine wanaoyakumbuka, ukienda Newtown sokoni utawakuta, watakusimulia zaidi yangu. Mdogo wetu, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akificha maharage shavuni ili asiambiwe amemaliza, huyo nimebaki naye peke yangu. Ana jina la Kirundi, refu, ambalo hawa wangu wa Johannesburg hawataliweza mara ya kwanza.

Tulipofika binti yangu alikuwa amerudi, mdogo wake mjukuu amejilaza mbele ya televisheni, chakula kiko mezani. Sikuvua hata koti.

"Zimeni hiyo televisheni. Kaeni wote. Wewe, lete daftari. Mtaandika jina nitakalowatajia, na hapa hali mtu mpaka kila mmoja amelitamka sawasawa."