Mchanga wa Mbele ya Banda la Yustina

Shangazi yangu Yustina anakaanga samaki Kunduchi, karibu na pale wavuvi wanaposhusha mzigo. Alitoka Masasi akiwa binti, na karai lake limesomesha watoto wengi wa ukoo wetu, mimi nikiwa mmoja wao. Kwa hiyo habari ya banda lake kwetu si habari ndogo.

Wateja humsifu kwa usafi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alikuwa akifagia mchanga wa mbele mpaka unabaki na mistari ya chelewa. Majani yaliyotupwa na bahari aliyakusanya akayachoma. Mlakasa, ule mmea wa maua ya zambarau unaotambaa ufukweni, aliung'oa kila ulipochungulia. Alivyolelewa yeye, uwanja wenye majani ni uwanja wa mtu aliyekata tamaa.

Jirani yake Nurdin, fundi wa nyavu, hakuwahi kushika ufagio. Mbele ya kibanda chake mlakasa ulitambaa utakavyo.

"Nurdin, baba, nyoka wakizaa humo utawalea mwenyewe," shangazi alimtania.

"Wewe fagia tu, Mama Gladness. Ipo siku utafika Zanzibar na huo ufagio."

Mwaka juzi, msimu wa kusi, maji ya bamvua yalipanda kwa nguvu. Yaliporudi, nguzo za mbele za banda la shangazi zilikuwa wazi karibu mpaka chini. Mzee Revelian, mwenyekiti wa kamati ya ufukwe, alikuja kukagua. Alitikisa nguzo moja, ikacheza kama jino bovu.

"Mama, hapa watu wanakaa kula," alisema. "Mchanga usiporudi kabla ya masika, banda hili itabidi livunjwe."

"Nikakaangie wapi, mzee wangu? Nyuma yangu ni ukuta wa hoteli."

Mzee Revelian akageukia kibanda cha Nurdin. Pale nguzo zilikuwa zimezama vizuri, na mchanga umevimba kama tuta.

"Huyu naye amejaza mchanga lini?"

"Mie?" Nurdin alishtuka. "Mie hata kuinama sijainama!"

Shangazi alikwenda akainua tawi la mlakasa. Kila pingili ilikuwa imeshusha mizizi, na chini ya majani mchanga ulioletwa na upepo ulikuwa umetulia. Kwenye mkutano wa kamati ya ufukwe tulishaambiwa tutunze mimea ya pwani, lakini wote tulidhani ni mikoko. Hakuna aliyefikiria ufagio.

"Kumbe bahari nilikuwa naifagilia njia mwenyewe," shangazi alisema taratibu. "Nurdin, nigawie mbegu."

"Chukua, lakini ufagio uuache huko huko kwako!"

Tulipanda vipande vya mlakasa, tukatandaza majani ya bahari juu yake, na njia ya wateja tukaihamishia pembeni. Kazi ngumu kwa shangazi ilikuwa kutogusa kitu. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiyatazama yale majani kama anayemtazama mgeni asiyeaga.

"Mama Gladness, siku hizi umechoka?" wateja walimchokoza.

"Kuleni samaki, nyie!"

Kaskazi ilipoanza kuvuma, mchanga ukawa unanasa kidogo kidogo. Kabla ya masika Mzee Revelian alirudi, akaitikisa ile nguzo kwa mikono miwili. Haikusogea. Alituonya kwamba mmea si ukuta, na kwamba atakagua kila msimu. Kisha akasema, "Kaanga, mama."

Shangazi alijifuta macho kwa kanga, akasema ni moshi. Siku hiyo changu mkubwa kuliko wote hakuuzwa. Alimpelekea Nurdin kwenye sahani ya wageni.

"Asante, baba. Mungu akuzidishie. Wanangu wanakula kwa sababu yako."

Nurdin, ambaye hajazoea kushukuriwa, aliinama juu ya sahani, akamega, akatafuna. Akasema chumvi imekolea, ila ndimu haipo.

Shangazi alikimbia kumletea ndimu.