Mfuko wa Shati la Papa

Juzi huko Gihundwe niliona blanketi la viraka limeanikwa uani, nikasikia tena harufu ya pasi ya makaa.

Nilipokuwa mtoto, Papa alikuwa amevuka mto kwenda Bukavu, vita vikamkuta huko, hakurudi. Alasiri moja Maman alipiga pasi mashati ya Papa, akayakata vipande, akaanza kuvishona viwe blanketi.

"Maman, Papa akirudi atavala nini?"

"Shika hapa, usivute."

Mkasi uliendelea kulia. Mfuko mmoja hakuufumua, aliuacha juu ya kiraka chake. Nilidhani ameniachia mimi, nikatia karanga zangu. Maman alizitoa moja moja bila kunigombeza, akanirudishia mkononi. Kisha akaingiza mkono wake mfukoni, akauacha humo mpaka pasi ikapoa.