Sikio la Koleo

“Nileteeni mtu wa lugha yoyote duniani, alie ‘ai’ mara moja tu, nitawaambia kama anaumwa au anadeka!”

Maneno hayo aliyatoa baba yangu mdogo, Koleo, kwenye harusi ya jirani, kipaza sauti mkononi. Alikuwa amepewa atangaze gari lililoziba geti. Gari halikutajwa hata kidogo.

Tuseme haki, hakuwa anabuni. Kazi yake ilikuwa kushika vichwa kwenye zahanati ya meno, karibu na maegesho ya malori. Daktari anang’oa, Koleo amekibana kichwa cha mgonjwa kifuani, anasikiliza. Sauti ikitoka, anaamua: “Endelea, huyo anadeka,” au “Simama, ganzi haijashika.” Daktari alimtii Koleo kuliko alivyomtii mkewe.

Madereva na mafundi wa barabara walitoka kila upande, kwa hiyo Koleo alikusanya vilio kama watoto wanavyokusanya vizibo vya soda. Mfaransa “ai”, Mhispania “ai”, Mchina anaongeza mkia, “aiya”. Mjerumani “aua”. Mwarabu “akh”, ambayo kwao pia ni ndugu. “Jino moja tu, anaita ukoo mzima,” Koleo alicheka. “Yalaa” yetu nayo, alisema, imetoka huko huko, mtu anamwita Mungu. Ila wenyewe wakisema “yala” wanahimizana twende.

Na “ai” yenyewe, nilimuuliza, kwao wapi?

“Haina kwao. Mdomo ukishtuka ndiyo inayotoka. Hakuna aliyefundishwa.”

Nyumbani kwake alikuwepo mtu mmoja aliyefundishwa kuimeza. Mama mdogo, mkewe, alipiga pasi kwa dobi, kutwa amesimama. Bibi aliyemlea alikuwa anamfinya akilia, kisha anamfinya tena kwa kulia kwamba amefinywa. Alizaa mara tatu huku mkunga akiuliza kama uchungu umeshaanza. Pasi ikimuunguza anasema “mh”, anageuza shati.

Jumatatu moja alirudi mapema, amejikunja, mkono umeshika tumbo upande wa kulia. Binti yao mkubwa akamtazama, akamgeukia Koleo.

“Baba, mama anaumwa kweli huyu. Tumpeleke hospitali akapimwe.”

“Akapimwe na nani, na mimi nipo?”

Akamlaza kwenye kochi, akamshika kichwa kama yuko kazini, mkono wa pili ukabonyeza tumbo.

“Hapa?”

“Mh.”

“Na hapa?”

“Mh.”

“Hamna kitu. Gesi hiyo. Mpeni maji ya moto.”

“Baba, mtazame uso basi! Jasho lote hilo!”

“Uso unadanganya, mwanangu. Sauti haidanganyi.”

Kesho yake mama mdogo akasema maumivu yamepungua. Koleo akatamba mpaka dukani. Muuza duka akapata somo la vilio ambalo hakuliagiza. Keshokutwa yake tumbo likawa gumu kama ubao, mwili unawaka, na maneno yake hayashikani tena. Ndipo gari likatafutwa.

Hospitali walisema kidole tumbo kilishapasuka, usaha umetapakaa. Alifariki kwenye kitanda cha magurudumu, koridoni, kabla hawajamfikisha chumba cha upasuaji. Hakulia.

“Mlikuwa mnasubiri nini?” daktari akatuuliza.

Koleo peke yake akajibu.

“Alie.”

Siku hizi bado anashika vichwa, maana tumbo la mgane halikai matanga. Ila daktari wa meno akimuuliza, “Vipi, niendelee?” anajibu, “Muulize mwenyewe,” na mwenyewe ana koleo mdomoni.

Binti yake hajamsemesha tangu siku ile. Mara ya mwisho ilikuwa pale pale hospitali, wakisubiri kukabidhiwa mwili. Alimshika mkono, akamsogeza mpaka kwenye dirisha la malipo, akamsomea mstari mmoja wa tangazo lililobandikwa kwenye kioo.

Kipimo cha tumbo, elfu ishirini.