Grasiana, Aliyefundisha Watoto Kusomeana

Bi Chausiku, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, anadai kwamba siku ya maziko ya Grasiana alisikia ndani ya ile nyumba iliyofungwa kufuli watoto wawili wakisoma, mmoja anasoma na mwingine anamkatiza, "Ngoja, hapo sijaelewa." Alipochungulia dirishani hakuona mtu. Kanisa halijasema lolote juu ya jambo hilo, wala halijamwita Grasiana mtakatifu. Wanaomwita hivyo ni waliomjua.

Alizaliwa mwaka 1967 katika kambi ya wakata mkonge nje kidogo ya Korogwe, mjukuu wa manamba, kibarua wa mkataba, aliyetoka kusini akashindwa kurudi kwao. Alibatizwa, akamaliza darasa la saba, akakaa Kilole, hapohapo Korogwe, akifundisha watoto katekisimu. Wito wake ulianzia hapo. Mtoto mmoja alimsomea habari za kondoo aliyepotea, sauti kama kengele, bila kujikwaa hata mara moja. Grasiana akamwuliza, "Sasa nani amepotea?" Mtoto akashangaa. "Sijui, mwalimu. Mimi nilikuwa nasoma." Darasa zima likacheka. Grasiana alicheka nao, ila alipofika nyumbani chakula kilimshinda.

Tangu hapo akawaketisha wawili wawili, bega kwa bega, kitabu kimoja. Mmoja alisoma kipande, mwenzake akakieleza kwa maneno yake, hata kwa Kishambaa au Kizigua cha nyumbani, na asipoelewa alikuwa na haki ya kumsimamisha msomaji. Kisha wakabadilishana. Zoezi hilo akaliita kusomeana.

Mwaka 2015 aliombwa kusaidia shule ya kijiji kimoja cha Handeni, kwa Wazigua Waislamu, nao wakampokea vizuri. Huko walikuwapo Mashavu na Rukaya wa darasa la pili, waliosomeana mpaka wakawa wanagombana kama sungura wa hadithini ni mwizi au ana njaa tu. Masika yaliyofuata Rukaya akashikwa na homa. Grasiana, asitake mtoto apitwe, akamwambia Mashavu, "Nenda ukamsomee mwenzio." Mashavu akaenda, akasoma kando ya kitanda cha mgonjwa, akarudi akijisifu njia nzima: "Nimetoka kumsomea Rukaya!" Alfajiri Rukaya akafariki.

Kijijini pale mtu husomewa akiombewa, na husomewa pia akilaaniwa afe. Grasiana aliijua maana ya darasani tu. Mzee Isihaka, baba wa marehemu, alimwambia bila kupaza sauti, "Mwalimu, kusomewa kwetu ni kesi. Umemtuma mtoto wa watu amsomee wangu." Grasiana alieleza mpaka maneno yakamwishia. Wazazi wakakataza watoto wao kuketi wawili wawili, na darasa likarudi kuimba kurasa kwa pamoja. Kisimani wenzake walimkimbia Mashavu: "Msomaji huyo! Asije akakutaja jina!" Naye akafunga kitabu. Shuleni alifika kila siku, akakaa, lakini hakusoma tena.

Grasiana angeweza kurudi Kilole. Alibaki miaka sita, akienda kwa kina Mashavu kila jioni na kitabu kwapani. Mama wa mtoto alimpokea kwa adabu: "Karibu, mwalimu. Uji upo. Kitabu kiache nje." Alikiacha juu ya kuni, akaingia, akanywa uji. Alisali, akafunga, asione kinachobadilika. Padre alipomtuliza kwamba Mungu anasikia, alijibu, "Anasikia, Baba. Ila sijui kama ameelewa."

Ugonjwa wa ini ulimchukua Mei 2022. Alichotuachia ni watoto wachache wa Kilole wanaosomeana hadi leo. Lakini anayetaka kumwiga asianze na hao. Aitazame jioni ile ya mwisho, Mashavu, sasa binti mkubwa, alipoletwa na mama yake kuaga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Grasiana akakisogeza kitabu mpaka ukingoni mwa kitanda. Alijua neno lile limefanya nini, wala hakuwa na lingine.

"Nisomee."

Mashavu akamtazama mama yake. Mama akatazama chini.

"Nisomee, mwanangu. Hata mstari mmoja."