Pikapu ya Kusukumwa

Pikapu ya mume wangu ilikuwa haiwaki bila kusukumwa, na wasukumaji tulikuwa wawili: mimi na mama yake. Mume wangu kazi yake ilikuwa kuketi ndani, kwenye usukani.

Nilijifungua kwa upasuaji. Nikarudi nyumbani Katelembo na nyuzi tumboni, na kabla sijaweza kuinuka kitandani bila kushika ukuta, nikaitwa nyuma ya gari. Mama mkwe akasema yeye alizaa asubuhi na jioni akachota maji. Nikasukuma. Asubuhi moja leso ikalowa, na haikuwa jasho. Nikaachilia gari.

"Betri imekufa tena," mume wangu akasema, akaenda barabarani kutafuta lifti. Hakuangalia nyuma.

Mama mkwe alifunua leso, akaangalia kidonda. "Mwiitu," akasema, akiniita binti kwa Kikamba, "kesho utasukuma ukiwa maiti."

"Kesho hakuna wa kusukuma, mwaitu," nikamjibu, nami nikimwita mama.

Betri gani? Nilisoma fizikia mpaka Form Four. Taa zilimulika vizuri, honi ikalia, lakini ukizungusha ufunguo unasikia tak, kisha kimya. Hiyo ni stata, mota inayowasha injini. Nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikatoa gia, nikamketisha mama mkwe kwenye usukani, mtu ambaye hajawahi kuushika. Alipozungusha ufunguo nikaigonga stata kwa spana. Injini ikawaka.

"Kumbe inataka kuchapwa," akasema. "Kama mwenyewe."

Tukazima. Nikatoa waya wa betri, nikaingia chini ya gari kwa ubavu maana tumbo lilikataa, nikafungua stata. Ni nzito, mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Ndani kuna kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kimoja kilikuwa kimekwama kwa masizi na grisi, hakigusi kitu. Hicho tu. Kwa hicho nilipasuka. Nikakisafisha kwa kitambaa chenye petroli, nikapiga msasa mpaka springi ikakisukuma yenyewe, nikarudisha kila kitu nikiwa nimeuma meno.

Kulipokucha mume wangu akaketi ndani, akashusha dirisha. "Kujeni basi."

"Washa," nikamwambia kutoka mlangoni.

"Na nani anasukuma?"

"Washa."

Ikawaka mara moja. "Si nilisema ni betri. Ile chaji imeshika."

Mama mkwe akatema mate chini. Mimi nikaingia na mtoto, nikasema tunaenda hospitali, mjini.

Pale getini hakuzima injini. Mtu mwenye imani na betri yake angezima. Muda wote niliokuwa nikishonwa upya, bila huruma nyingi, aliiacha ikinguruma.

Nilipotoka ilikuwa kimya. Petroli ilikuwa imeisha. Kituo cha mafuta kilikuwa kinaonekana pale mbele, na barabara ni tambarare. Akaniangalia, kisha akaangalia nyuma ya pikapu.

Nikamfunga mtoto kifuani kwa leso, nikaenda stegi kupanda matatu.