Mhadhiri Aliyeketi Sakafuni

Kwenye dirisha la uhamiaji Tunduma, ofisa alimkazia macho mhadhiri wa saikolojia aliyekuwa mbele yangu. "Unavuka kwenda kozi ya wiki mbili tu? Hapa hakuna vyuo?"

Kabla hajajibu, mama mmoja kwenye foleni alipokea simu ya msiba. Akapiga yowe, akaanza kujigonga ukutani. Askari akamkimbilia. Mhadhiri akamzuia askari, akaketi sakafuni na yule mama, akamshika bila neno mpaka kilio kikapungua.

"Hayo ndiyo mnafundishwa huko?" ofisa akauliza.

"Hapana, nimeyatoa misibani kwetu Ihanda. Nilidhani ni ushamba, mpaka mwaka jana wenzangu wa kigeni waliponiomba niwafundishe. Kozi hiyo naifundisha mimi."

Muhuri ukagongwa. Foleni nzima tulidhani anakwenda kuchota, kumbe ndoo yake imejaa tangu Ihanda.