Mnyororo wa Mseto

Dhambi itakayoanikwa hapa ni majivuno, na ninaitaja mapema ili msomaji asije akaulaumu uhaba wa vipuri. Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni tulikuwa tumezoea kuubebesha uhaba makosa yetu yote. Mtu alichelewa kazini kwa sababu ya uhaba, alilewa kwa sababu ya uhaba, na nilimsikia mmoja akimweleza mkewe kwamba hata uongo wake ulitokana na uhaba. Uhaba ulikuwepo kweli. Lakini mjomba wangu angekuwa mtu wa majivuno hata kama angezaliwa ndani ya ghala la vipuri.

Alikuwa mdogo wa mwisho wa mama yangu, karani wa mizani katika ghala moja la kahawa mjini Moshi, mpangaji wa chumba kimoja Majengo. Alikuwa Mlutheri kwa ubatizo na mtanashati kwa imani. Alimpenda binti wa mkulima wa kahawa kule Uru, katika nyumba ya Kikatoliki ambamo picha ya Baba Mtakatifu ilitundikwa juu kidogo kuliko ya Rais, na ya Rais juu kidogo kuliko ya marehemu babu. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Ukoo ulinichagua niwe mshenga kwa sababu, walisema, nina maneno ya busara. Ukweli ni kwamba nilikuwa na miwani.

Safari ya kwanza tulipanda kwa miguu. Tulipofika, viatu vya mjomba, alivyovipaka rangi asubuhi nzima, vilikuwa vyekundu kwa vumbi, na hasira ikamtangulia mlangoni. Baada ya shikamoo, kabla hata ya kupewa kiti, akamwambia mzee mwenye nyumba: "Mzee wangu, mpaka leo watu wa huku juu mnapanda mlima kwa miguu kama mbuzi?"

Mzee aliitazama miguu yake mwenyewe, iliyompeleka misani na kumrudisha tangu utoto wake. Alikuwa na hamu kubwa ya kumnyima Mlutheri huyu binti yake, ila paroko alikuwa amehubiri juu ya umoja wa Wakristo, na yeye akaitikia amina kwa sauti iliyosikika hadi nje. Sasa Mlutheri mwenyewe alikuwa amemletea sababu mikononi.

"Basi wewe si mbuzi," alisema kwa upole uliotisha. "Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa ya pili, panda baiskeli pale kanisani. Ukifika getini kwangu mguu wako haujagusa ardhi, nitakunywa mbege yenu na tutazungumza habari za binti. Mguu ukigusa, mshenga wako asirudi tena hapa. Ana miwani mizuri, akamposee mtu mwingine."

Mtu mwenye akili angeomba radhi papo hapo. Mjomba alimpa mzee mkono, wakakubaliana.

Kati ya kanisa na geti lile kuna mteremko ambao wenyeji huutumia kushuka tu. Baiskeli huteremka na mikungu ya ndizi, kisha hurudi ikisukumwa. Mjomba alitangaza kwamba ataupanda kwa gia. Baiskeli ya gia hakuwa nayo, bali alikuwa na fundi wa pale Majengo, mwenye kibanda karibu na msikiti, aliyekuwa na majivuno ya kiwango kilekile pamoja na nyundo.

Walianza na baiskeli nyeusi aliyoiacha babu, yenye gurudumu la meno manene mbele, penye pedali, lililotengenezwa wakati ambapo gia ilikuwa moja na mwendeshaji alikuwa na subira. Nyuma waliweka friwili mpya, meno yaliyopangwa ngazi sita, iliyopitishwa kwa magendo mpakani Holili ndani ya debe la mafuta ya kupikia. Mkono wa kubadilishia gia ulitoka kwenye baiskeli ya mwalimu mmoja mgeni aliyerudi kwao. Huo ulitengenezwa zamani kidogo, kwa ajili ya ngazi tano. Mnyororo mzima haukupatikana. Fundi alikuwa na nusu ya mnyororo mpana wa zamani na nusu ya mwembamba wa kisasa, na alikuwa ameziunganisha kabla sijafungua mdomo.

"Hizi ni za vizazi viwili tofauti," nilisema.

"Mwalimu, huyu bwana ni Mlutheri anaoa Mkatoliki," fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Ndoa ya mseto kanisa linaibariki. Mnyororo wa mseto ataukataa nani?"

"Mlima."

"Mlima haujui dini."

Nilimwomba azungushe pedali huku akivuta waya wa gia. Mnyororo ulipanda ngazi ya kwanza hadi ya tano, na hapo mkono wa gia ukafika mwisho wa urefu wake. Ngazi ya sita, ile kubwa kabisa, iliyowekwa kwa ajili ya milima, ilibaki wazi kama kiti cha mgeni rasmi ambaye hakufika.

"Hiyo ya sita ni ya wazee," mjomba alisema.

"Ni ya kupandia."

"Wewe kafundishe hesabu, mwanangu. Huku tunaunda chombo."

Chombo kilijaribiwa barabarani. Nusu nyembamba ya mnyororo ilitulia vizuri nyuma, lakini ilipofika mbele ilikaa juu ya meno manene ya babu bila kuzama, ikateleza. Nusu pana ilizama vyema mbele, lakini nyuma ilikwaruza ngazi ya jirani na kutaka kuhamia huko. Kwa hiyo mjomba alikanyaga pedali, mguu ukapata nguvu, kisha ukadumbukia, kisha ukapata nguvu tena. Wanawake waliokuwa wakiuza vitumbua walimuuliza kama anaendesha au anaswali. Alisema baiskeli ina mahadhi yake. Usiku fundi aliongeza mafuta mengi, kama watu wengi waongezavyo maneno mahali penye pengo.

Jumapili ilipofika, dada zake walitangulia na pombe ya mbege vichwani, kwa miguu, wakafika, wakapumzika, wakapewa supu ya mtori. Sisi tulianzia kanisani, waumini wakitoka kwa wingi usio wa kawaida. Nadhani mahubiri siku hiyo yalifupishwa. Mjomba alivaa tai. Mimi nilishika kijiti, kwa kuwa tulikubaliana kwamba ngazi ya sita, ambayo mkono wa gia hauifikii, nitaisaidia kwa kusukuma mnyororo huku nikikimbia. Nilisomea ualimu miaka kadhaa, na hakuna mahali katika mafunzo yale palipotajwa kazi hii.

"Mwalimu, unamchunga?" mama mmoja alipaza sauti.

"Mchape! Amegoma!" mwingine akadakia.

"Mnyororo unatafuta nafasi yake!" mjomba alijibu, jasho likimchuruzika kwenye tai.

Katika kona ya kwanza nilifanikiwa. Mnyororo ulipanda ngazi ya sita, ukakaa, na kwa muda mfupi wenye kutia aibu niliamini kwamba tutafika. Kisha nusu pana ikazunguka, ikajaribu kuhama, nami nikairudisha kwa kijiti. Hivyo tulikwenda, yeye akitumbukia na kuibuka, mimi nikichokoa, na kundi la waumini likitufuata kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona wakati wa maandamano ya Ekaristi.

Hatua chache kabla ya geti, pale mlima unaposimama wima, mnyororo ulikatika mahali zilipoungana nusu zile mbili. Baiskeli ilisita, ikaanza kulala. Mjomba, miguu yote ikiwa bado juu ya pedali, akaegemea ua wa kihamba, shamba la nyumbani kwa mzee, na kukumbatia kwa mkono mmoja mmea uliokuwepo. Mmea wenyewe ulikuwa sale.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Sale ni mmea tunaoupanda mipakani. Aliyemkosea mwenzake humletea jani lake, na aliyeletewa hamfukuzi. Mapadre na wachungaji wamehubiri dhidi ya mambo yetu mengi, ila sale hawakuligusa. Watu wazima wengi huliheshimu kuliko maji ya baraka.

Mzee alitoka getini, binti yake nyuma yake. Alimwona mkwe asiyemtaka akining'inia, jani la sale limejaa kiganjani.

"Umekuja kuomba radhi?" mzee aliuliza.

Mlango wa mbinguni haujawahi kufunguliwa kwa urahisi kiasi kile. Mjomba alirekebisha tai kwa kidevu.

"Hapana, mzee. Nimekuja kuposa. Hili nimelishika kwa bahati mbaya tu."

"Ahaa." Uso wa mzee ulichanua. "Basi kama huombi radhi, liachie. Sale halishikwi ovyo."

Na mjomba, mbele ya macho yangu, akaanza kulegeza vidole. Alielewa wazi kwamba akiliachia ataanguka, mguu utagusa ardhi, na atakuwa amemkosa binti. Lakini kuanguka kulimpendeza kuliko kuonekana ameomba. Hicho ndicho nilichokiita dhambi hapo mwanzo, na hakuna kipuri chochote kinachohusika.

Binti alimpita baba yake, akakimbia, akaishika baiskeli kwa nyuma, kwenye keria. Kanga yake ilikuwa imefungwa kiunoni kama ya mtu aliyetoka kukata majani ya ng'ombe.

"Sema," alimwambia.

"Nikisema watasema—"

"Watasema nini? Wameshakuona unachokolewa na mwalimu tangu kanisani. Sema, au nikuachie uanguke, mimi nirudi ndani nikale."

Mjomba alifumba macho. "Naomba radhi, mzee."

"Kwa lipi?"

"Kwa kuwaita mbuzi."

Mzee alitazama waumini, akatazama jani, akatazama mawingu yaliyofunika mlima kana kwamba atapata msaada upande huo. Hakupata.

"Mguu umegusa?" aliuliza umati kwa unyonge.

"Haujagusa!" walijibu wote, kwa umoja wa Wakristo ambao paroko aliuhubiri bure.

"Basi aingie. Mbege isije ikaharibika."

Baiskeli isiyo na mnyororo haipandi mlima hata ikipewa gia mia. Mjomba alibaki ameketi, tai begani, jani mkononi, akasukumwa hadi ndani ya geti mbele ya parokia nzima. Mimi nilikuwa nimeinama nikiokota mnyororo, kwa hiyo msukumaji hakuwa mimi. Alikuwa yule binti, ambaye tangu mwaka ule namwita mkaza mjomba.